Mate ya Vizazi Vitatu

Alhamisi, 3 Julai

Makena amelipulizia gunzi dawa yake. Sasa hivi tu, nikiwa nimempa mgongo naosha vikombe. Gunzi la mahindi. Amelifunga kitambaa, analiita Baby, ati Baby anakohoa. Mipulizo miwili ya pampu ya buluu imeenda hewani. Nilifungua mdomo nimgombeze, cheko likanitoka. Amelishika gunzi kisogoni vile mimi humshika yeye. Analiambia, "Pole, pumua pole pole, Mami yuko."

Mtoto wa miaka mitano hafai kuyajua maneno hayo vizuri hivyo.

Baridi ya Meru mwezi huu haina adabu. Ukungu unashuka, unakaa hapa Majengo mpaka saa nne. Kifua cha Makena kinapiga filimbi tangu Jumatatu. Asubuhi nampa pampu, kinatulia. Adhuhuri tena. Zamani mara moja ilitosha siku nzima. Sasa dawa ile ile, mtoto yule yule, na haimshiki. Duka la dawa waliniambia niongeze. Niongeze mpaka wapi?

Mwenda, baba yake, yuko kazini, anafunga miraa ya kupelekwa Nairobi. Mimi leo nimechambua maharagwe magunia mawili kwa duka la nafaka. Vumbi tupu. Nikifika nyumbani nabadilisha leso kabla sijambeba mtoto. Hilo nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Mama Zuhura, mwenye ploti tunayopanga, amesema kuna watu hospitalini wanatafuta watoto wenye pumu. Utafiti. "Nenda ukasikilize, mwanangu. Kusikiliza si kukubali."

Kesho naenda.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefurahi mpaka naandika nikiwa nimesimama.

Nesi wa utafiti anaitwa Kendi. Kijana kama mimi, kalamu ameichomeka kwa nywele. Alinipa kiti kabla hata ya kuuliza jina. Sijazoea.

Kuna mashine. Makena anapuliza kwa mrija, kwenye skrini kuna keki ya mishumaa. Ukipuliza kwa nguvu mishumaa inazima. Yeye alizima miwili. Wenzake wa umri wake wanazima karibu yote. Kendi aliniambia bila kunitisha. Makena akauliza, "Na keki iko wapi?" Chumba kizima kikacheka.

Niandike vile alieleza, nisisahau. Mwili una maandishi yake, madogo sana, yanaitwa jeni. Unayapata kwa baba na mama, nao waliyapata kwa wao. Dawa moja inaweza kumfungua mtoto huyu kifua na imwache yule, na sababu moja inaweza kuwa kwa hayo maandishi. Si yote. Kuna moshi, kuna baridi, kuna vumbi. Lakini dawa nyingi zilipimwa zaidi kwa watu wa mbali. Watu wa huku, Wameru, Waembu, Wambeere, hawa wa Majengo waliochanganyika, tumo wachache sana kwenye hivyo vitabu. "Sasa tunataka tuwemo," akasema.

Tuwemo! Nimetembea na hilo neno mpaka nyumbani.

Pia nimejua kosa langu. Mwaka jana tulipewa pampu mbili, ya buluu na ya kahawia. Ya kahawia niliitupa kwa kabati. Nikimpa haimsaidii hapo hapo, nikasema ni bure. Kumbe ya kahawia si ya kuzima moto, ni ya kuzuia usiwake. Inataka kila siku, na wiki kadhaa ndiyo uone. Nilidhani Kendi atanitukana. Alisema tu, "Wengi huiacha. Tuanze leo." Akachukua chupa ya soda ya plastiki, akatoboa kitako, pampu ikaingia hapo. Mtoto anaweka mdomo kwa chupa anapumua mara sita. Dawa haipotei tena kwa ulimi.

Sasa jambo lenyewe. Watoto wanaoingia watafuatwa miaka miwili. Watapimwa kifua, daktari wa mapafu atawaona yeye mwenyewe, dawa ikikataa ibadilishwe kwa kupima, si kwa kubahatisha. Lakini kundi la Makena ni la familia. Wanataka mate ya mtoto, ya wazazi wote wawili, na ya mzee wa damu hiyo aliye na pumu. Vizazi vitatu. Bila mzee, hakuna nafasi. Daftari lao linafungwa Jumamosi tarehe 26.

Mzee mwenye pumu ninaye. Mama yangu mzazi, yuko Kiambere, kule Mbeere. Kifua kimemsumbua tangu utoto wake.

Rahisi! Nitampigia.

Jumapili, 6 Julai

Mwenda amesikiliza mpaka mwisho, kitu adimu. Swali lake moja. "Mate tu? Hakuna sindano?" Mate tu. "Basi mimi niko."

Mama Zuhura ana maswali zaidi ya Mwenda. Yatawekwa wapi? Nani atayaona? Yatauzwa? Nilikuwa nimemuuliza Kendi hayo yote, nikajibu kama mwalimu. Chupa haina jina, ina namba. Ukitaka kujitoa unajitoa, na kliniki ya kawaida haikufukuzi. Na majibu ya jeni yatachukua miaka, huenda yasimsaidie Makena mwenyewe. Yatasaidia watakaokuja. Hilo Kendi alirudia mara mbili. "Sitaki uweke sahihi kwa sababu ya ndoto."

Lakini ndoto ninayo. Niiweke wapi?

Mimi niliachia shule kidato cha pili. Somo la viumbe nililipenda kuliko yote. Leo nimemweleza mtu mzima habari ya jeni na ameelewa. Nimejisikia mrefu.

Jumanne, 8 Julai

Siku ya mate. Aibu na vicheko.

Masharti: usile, usinywe, usitafune chochote nusu saa kabla. Makena alijaza chupa yake haraka hata wakamwambia yatosha. Nyumbani namkataza kutema mate, hapa anapigiwa makofi. Mimi nilichukua muda, mdomo ulikauka kwa wasiwasi. Kendi akaniambia nifikirie ndimu. Nikafikiria ndimu, ikajaa.

Mwenda alikuja mbio kutoka kwa mizigo. Kendi akamuuliza, "Baba Makena, umekula chochote?" Akaapa hajala tangu asubuhi. Kweli hakuwa amekula. Akainama, akatema.

Kijani.

Kijani kibichi kama majani ya napia ya kulisha ng'ombe. Shavu lote la kushoto lilikuwa na miraa. Mmeru kutafuna miraa hakuiti kula, ni kama kupumua. Kendi aliinua ile chupa kwa mwanga akaitazama kabisa. "Baba Makena, tuliomba ya mtu. Hii ni ya mbuzi."

Watu kwenye foleni walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza. Mwenda alicheka pia, lakini masikio yalikuwa mekundu. Arudi kesho, mdomo mtupu.

Jumatano, 9 Julai

Amerudi. Hajatafuna tangu jana jioni. Amenuna kama fisi wa mchana, hasemi na mtu. Alitema mate safi, meupe, mengi. Akaniambia kwa mlango, "Mwambie huyo mtoto ajue nimempenda."

Nimempenda na mimi. Sijamwambia. Nimempikia.

Wawili wazazi, tayari. Mtoto, tayari. Imebaki Mama.

Jumamosi, 12 Julai

Mama amekataa.

Nilimpigia nikiwa na furaha, nikaeleza vizuri, mwanzo mpaka mwisho.   Akasema mate yake ni ya kubariki wajukuu kifuani, si ya kuweka kwa chupa ibebwe na watu asiowajua. Nikasema Mama, ni utafiti, ni ya kumsaidia Makena. Akasema, "Wanja, nimesikia. Hapana." Akakata.

Mama yangu hajawahi kunikatia simu.

Nimekasirika. Naandika hivyo hivyo, nimekasirika. Anasema anampenda mjukuu. Mate! Kitu anachomwaga bure akipiga mswaki!

Nimempigia tena mara tatu. Haishiki.

Jumanne, 15 Julai

Mwalimu alinipigia saa nane mchana. Nilikuwa juu ya magunia. Nilikimbia na vumbi langu.

Makena alikuwa amekaa, mikono kwa magoti, mabega yanapanda na kushuka. Ngozi ya shingo inazama ndani kila akivuta. Hawezi kumaliza neno. Alisema, "Ma." Akavuta. "Mi."

Chupa ya soda. Mpulizo, hesabu sita. Mpulizo, hesabu sita. Mwalimu alihesabu na mimi. Darasa zima likahesabu na sisi kwa sauti, moja, mbili, tatu, na sijui kama nilitaka kulia au kucheka. Mabega yakaanza kushuka. Tulienda hospitali bado akitoa filimbi, wakamweka kwa hewa ya mashine, saa kumi na moja akaomba mandazi.

Daktari alisema bila ile chupa ingekuwa habari nyingine. Akasema pia ya kahawia bado haijapata wiki zake. Tuvumilie, tumfuate kwa karibu.

Kumfuata kwa karibu ndicho kitu ninachotafuta. Ndicho kiko nyuma ya mate ya mama yangu.

Nimeogopa leo kuliko siku niliyomzaa. Sasa hasira imeisha. Nitaenda Kiambere mwenyewe. Si kumlazimisha. Kendi amenionya hilo kwa ukali, mara ya kwanza kumwona mkali. "Mzee akitoa kwa kusukumwa, sichukui. Hata akijaza ndoo."

Nataka tu kujua kwa nini.

Ijumaa, 18 Julai

Kiambere. Joto. Makena amevua sweta, anaruka na mbuzi. Hewa ya huku inampenda, au ni ile ya kahawia imeanza. Sijui. Sitaki kujisifu mapema.

Mama amekonda. Alitukumbatia, akamtemea Makena kifuani vile desturi, tui, tui, kidogo tu, akamwambia ukue uzae. Habari ya simu hakuitaja. Tulichambua kunde. Tulikula. Nilijizuia siku nzima mpaka ulimi uliniuma.

Jioni hivi, jua likiwa bado juu ya bwawa la Kiambere, Makena alikohoa. Nikatoa chupa, nikampa. Mama aliacha ungo. Akasogea. Aliangalia kila pumzi. Makena akamaliza, akafuta mdomo, akarudi kwa mbuzi. Kama mtu aliyekunywa maji.

Mama akasema, "Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu.

Akakaa chini. Akaanza kusema, na hakuniangalia.

Ninajua nilikuwa na kaka, Nyaga, alikufa kabla sijazaliwa. Jina tu ndilo ninalojua. Haongelewi. Kumbe alikufa kwa kifua. Miaka sita. Wakati huo Mama alikuwa anachoma makaa, ndiyo iliwalisha. Nyaga alikuwa anakaa naye kwenye tanuri. Siku moja kifua kikafunga, zahanati ilikuwa mbali, wakiwa njiani mtoto akanyamaza mgongoni mwake. Watu wa baba yangu walisema ni moshi wake umemuua. Wengine wakasema si moshi, ni damu ya kwao mbaya. Baba hakusema upande wowote. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

"Miaka yote sijajua ni kipi," akasema. "Moshi wangu ama damu yangu. Sasa wewe unataka nitemee chupa, halafu msichana wa Meru anisomee."

 Vitabu vyangu vya kidato cha pili havina ukurasa wa hilo.

Nilimshika mkono. Alikuwa na pumzi ya filimbi, mama yangu. Nimeisikia tangu utoto, zamani nikidhani ni sauti yake tu.

Jumamosi, 19 Julai

Sikuomba kitu leo. Niliosha nguo, nikateka maji.

Ni yeye alianza, akiwa anakamua mbuzi. Huyo msichana anaweza kuja? Si kuchukua. Kujibu. "Aje nimuulize uso kwa uso. Akijibu kama mtu, tutaona. Akijibu kama karatasi, aende na karatasi yake."

Nimempigia Kendi hapo hapo. Alhamisi watakuwa Embu, Runyenjes wana familia mbili, kisha wanaweza kushuka huku Mbeere. Atakuja! Nimemwambia siahidi chochote. Akasema, "Vizuri. Usiahidi."

Nimeruka uani kama Makena. Mama ameniona. "Mwanamke mzima," akasema. Lakini alikuwa anacheka.

Alhamisi, 24 Julai

Wacha nikae vizuri. Siku hii niiandike yote.

Kendi alifika saa nne na kijana wa maabara, mpole, amebeba sanduku. Mama alikuwa amevaa leso mpya na viatu. Amefagia uwanja mpaka ukang'aa. Uji wa wimbi tayari, kwa kibuyu.

Swali kwanza. Mama aliliuliza kwa Kimbeere, moja kwa moja, mimi nikatafsiri. Mate haya yatasema ni mimi niliyemuua mwanangu?

Kendi hakukimbilia hapana. Hilo namheshimu. Aliweka kalamu chini. Akasema hakuna mate duniani yanayoweza kusema hivyo. Moshi huumiza kifua cha mtoto mwenye pumu, hawezi kumdanganya. Na pumu hutembea kwa damu, hilo pia hawezi kumficha. Lakini maandishi ya damu hakuna mtu aliyeyachagua, Mama naye alipewa tu. Na kitu ambacho Nyaga hakuwa nacho kuliko vyote ni dawa. "Mjukuu wako alipata shambulio juzi kama lile. Tofauti ni pampu na chupa ya soda. Wewe ungekuwa nayo, ungempa." 

Mama aliligeukia bwawa. Akasema, "Ningempa."

"Ungempa," Kendi akasema.

Halafu Mama akafuta uso kwa leso, akasimama, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Sasa kunyweni uji, mmetoka mbali."

Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Amekubali! Kendi akaeleza masharti, nusu saa bila kitu mdomoni. Mama akaitikia. Akawamiminia wageni uji. Akajimiminia na yeye, akanywa. Kendi akaruka. "Mama! Tumesema usinywe!" Mama akashangaa kweli. Hajanywa chochote. Huo ni uji wa wageni. Kwetu Mbeere huwezi kumpa mgeni kibuyu bila wewe kuonja kwanza, ataona umemwekea kitu. Na ukimwacha anywe peke yake umemtukana. Kuonja na mgeni si kunywa, ni kusalimu.

Haya. Nusu saa upya.

Dakika ya ishirini, jirani akaingia kuona gari ni la nani. Kibuyu kikachukuliwa. Mama akaonja. Mimi nilipiga kelele. Mama akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu.

Nusu saa upya.

Jirani wa pili. Nilimwona akiwa mbali, nikamkimbilia njiani nikamzuia na mikono yote miwili kama ng'ombe. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, Mama anangoja mate. Akanitazama vile. Akarudi akaita wengine. Tukawa na watu kumi uani, wote wamekatazwa uji, wamekaa wima, wanamwangalia Mama kimya kama wanangoja aanze mahubiri. Kijana wa maabara aliinua saa yake anahesabu. Makena akawa anamuuliza bibi yake kila dakika, "Cucu, yamefika?"

Yamefika! Mama aliomba chupa. Lakini kwanza akamwita Makena. Akamfungua shati, akamtemea kifuani, tui. Akasema kwa Kimbeere, pumua, pumua kwa ajili ya mjomba wako. Ametaja jina. Nyaga. Mbele ya watu wote. Sijawahi kulisikia mdomoni mwake kwa sauti hiyo.

Ndipo akatema kwenye chupa. Mpaka kwa mstari.

Watu wakapiga makofi. Mama akafunga kifuniko mwenyewe, akampa Kendi kwa mikono miwili, vile mtu hupokeza mtoto mchanga. Akasema, "Yasomeni pamoja na ya hao wengine, wa mbali. Wajue na sisi tuko na vifua."

Kisha kila mtu akanywa uji. Mama vibuyu viwili.

Jumamosi, 26 Julai

TUMEINGIA. Makena ana namba. Ameiandika juu ya mkono wake kwa kalamu ya Kendi, anakataa kuoga.

Tulifika Meru jana. Leo hospitali saa tatu, daftari linafungwa saa sita. Sahihi yangu, sahihi ya Mwenda. Kendi alisoma kila ukurasa tena kwa Kiswahili, na Mwenda hakulala hata kwa ule mrefu. Mtoto akapuliza. Mishumaa mitatu! Wa nne uliyumba, tukashikilia pumzi sote, haukuzima. Daktari wa mapafu alimsikiliza mgongo muda mrefu, hakuharakisha, akaniuliza mimi maswali. Mimi! Vumbi la maharagwe, moshi wa nyama choma wa hapa Majengo, jiko langu naliweka wapi. Akaandika nilichosema. Ile ya leso akaniambia ni busara, niendelee.

Mama yangu naye ameandikiwa barua ya kliniki ya Embu, apimwe na apewe dawa yake. Miaka yake yote hajawahi. Nilimsomea kwa simu. Akauliza, "Na mimi nitapata ya kahawia?" Kama mtoto anayeuliza sare mpya.

Mama Zuhura ameleta mahamri. Jiko la mkaa amesema nilihamishie uani pamoja na ya wapangaji wengine, na asiyetaka ahame. Amesema hivyo kwa sauti ya kusikika ploti nzima.

Nimechoka kwa furaha. Sijui kama inaitwa hivyo. Nimechoka.

Jumapili, 17 Agosti

Shule zimefungwa. Mwenda amelala, leo hana mizigo. Nimefua mapema, nimekaa kwa ngazi na daftari.

Ukungu umeondoka saa mbili tu. Makena anatumia ya kahawia asubuhi na jioni, anajikumbusha mwenyewe. Ya buluu hatujaishika siku tisa. Nimeweka alama ukutani, lakini sipendi kuangalia sana. Kendi amesema kuna siku mbaya zitakuja, pumu haifukuzwi, inafugwa. Nimekubali. Zikija kuna mtu wa kumpigia.

Habari za mate hakuna. Yako Nairobi kwenye baridi, yamekaa pamoja na ya watu wengi nisiowajua. Nikifikiria hilo nasikia vizuri. Huenda yakisomwa Makena atakuwa msichana mkubwa. Huenda yasiseme kitu.

Mama alipiga jana. Kwanza kifua chake, amelala vizuri. Kisha bila mimi kuuliza akaanza kusema Nyaga alikuwa anapenda kutembea nyuma ya mbuzi akiimba, na alikuwa mchafu, na alikuwa na kidole gumba kama changu. Nilijiangalia kidole. Nimekuwa na kaka miaka hii yote na jana ndiyo nimemwona.

Sitaandika mengi. Nilikuwa nataka tu kuweka hapa vile asubuhi hii nilivyoamka nikasikia kimya, nikashtuka, nikainama juu ya Makena kusikiliza, na kumbe si kimya, ni

Mama Zuhura ananiita langoni. "Mama Makena! Hebu toka umwone mtoto wako akikimbizana na wenzake!" Sauti yake inacheka. Naja. Nilikuwa nasema, ni pumzi yake tu, inaingia, inatoka, haina filimbi, ni kama mtu anayelala tu.